Mtego mtupu nao ni data: ushauri kwa anayekwenda kutega panya

Wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaoanza utafiti wa panya huniuliza swali moja kabla ya mengine yote: nikamate wangapi? Sitaji namba mpaka nijue mtu anatafuta nini. Anayetaka kujua msitu wa Uluguru una spishi gani hana kazi moja na anayetaka kujua shamba la mahindi lina panya wangapi kwa hekta. Na hao wote wawili si sawa na anayechunguza kama panya wa shamba lenye magugu ni wazito kuliko wa shamba lililopaliliwa. Kila swali lina mtego wake, mpango wake na daftari lake.

Kazi yangu imekuwa Morogoro na vitongoji vyake, zaidi kwa panya shamba, Mastomys natalensis, yule anayefukua mbegu za mahindi hata kabla hazijachipua. Haya ni mambo ambayo ningependa kila mdogo wangu ayajue kabla hajapakia mitego kwenye gari.

Namba utakayorudi nayo si idadi ya panya waliopo. Ni idadi ya panya waliokubali kuingia kwenye mtego wa aina ile, wenye chambo kile, mahali pale, mwezi ule. Mtego wa Sherman, kile kisanduku cha bati jepesi kinachojifunga mlango, unamfaa sana panya shamba ukiuwekea karanga za kusaga zilizochanganywa na pumba za mahindi. Panya buku aliyekomaa, mwenye uzito wa kilo moja na zaidi, haingii humo. Kirukanjia anakula wadudu, hivyo chambo cha karanga hakimvutii sana, na mara nyingi ni mwepesi kiasi kwamba anakanyaga kibao cha mtego na mlango haufungi. Ukimtaka huyo, fukia ndoo ardhini mdomo ukiwa usawa wa udongo, weka ukuta mfupi wa plastiki unaopita juu ya ndoo hizo, naye atatembea kandokando ya ukuta mpaka atumbukie. Tazama pia kilichotokea katika milima ya Udzungwa: sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mwenye pua ndefu na uzito wa gramu 700 hivi, alijulikana kwa sayansi baada ya kamera za mtego, zile zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita, kumnasa mwaka 2005, na maelezo ya spishi yakachapishwa 2008. Kwa visanduku vya panya pekee asingeonekana. Kwa hiyo unapoandika kwamba eneo fulani halina spishi fulani, jiulize kwanza kama mtego wako ulikuwa na uwezo wa kuikamata.

Uchaguzi wa mashamba unaharibu tafiti nyingi kuliko hesabu mbovu. Gari linasimama barabarani, mitego ni mizito, jua linawaka; shamba la karibu na barabara ndilo linalochaguliwa. Au mtendaji wa kijiji anatangaza kwamba watafiti wa panya wamekuja, na wanaojitokeza ni wakulima walioliwa mahindi. Ukitega kwao tu utapata panya wengi, na utaandika kwamba kijiji kina panya wengi. Mimi napendelea kuorodhesha mashamba yote yanayofaa, kisha tunapiga kura kwa vikaratasi mbele ya wenyewe. Mama mmoja ambaye shamba lake lilitoka kwenye kura alitushangaa.

"Shikamoo mama. Tumekuja kuomba kutega panya kwako."

"Marahaba wanangu. Lakini kwangu hakuna panya. Nendeni kwa jirani yangu pale, yeye ndiye wamemmaliza."

"Hata kama hawapo, mama, tunakuomba tutege. Tunataka kuandika kwamba kwako hawapo."

Alicheka, akaturuhusu. Shamba kama lile ndilo linaloipa maana namba ya kwa jirani.

Halafu kuna majira. Hapa Morogoro panya shamba huanza kuzaa takriban mwezi mmoja baada ya kilele cha masika. Idadi yao hupanda kiangazi kizima, na hushuka sana kabla ya kizazi kingine kuanza. Vuli ikija mapema na kwa wingi, wanaweza kuzaa nje ya msimu wao, na ndipo milipuko ya panya inapotokea. Anayetega shamba A mwezi Mei na shamba B mwezi Oktoba hajalinganisha mashamba, amelinganisha miezi. Tega yote kwa wiki moja, au yazungukie kwa zamu ili kila shamba liguswe katika kila msimu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo wamekuwa wakitega kiwanja cha hekta 3 kwa mitego 300, siku tatu mfululizo kila mwezi, tangu miaka ya 1990. Hakuna mwanafunzi wa miaka miwili anayeweza kuyafanya hayo, wala hatakiwi. Analoweza kuiga ni ule msimamo: mtego ule ule, nafasi ile ile, idadi ile ile ya siku.

Sasa daftari. Kila mtego uwe na namba yake, na kila asubuhi kila namba iandikwe hali yake: umekamata, uko wazi, umefunga bila mnyama, umeibwa, chambo kimeliwa na siafu. Wengi huandika waliokamatwa tu. Jioni mtu anajua amepata panya 20, ila hajui kwa juhudi gani. Tuseme ulitega mitego 100, 20 ikakamata na 10 ikajifunga mitupu. Mtego uliofungwa haukufanya kazi usiku kucha, na kwa kuwa hatujui ulifungwa saa ngapi, kila mmoja uliofunga kwa sababu yoyote ile tunauhesabu kuwa umefanya kazi nusu usiku. Mitego 30 iliyofunga inakupunguzia 15, zinabaki 85, na ufanisi wako ni panya 23.5 kwa kila mitego 100, si 20. Ikinyesha mvua kubwa mitego mingi ikajifunga yenyewe, tofauti hiyo inakuwa kubwa mno. Bila safu ya mitego mitupu hesabu hii haiwezekani, na hakuna programu ya kompyuta itakayokurudishia.

Ufanisi wa mitego ni kiashiria tu. Anayetaka idadi yenyewe atie alama, aachie, akamate tena. Usiku wa kwanza umekamata 40 ukawatia alama wote. Usiku wa pili umekamata 50, na 20 kati yao wana alama. Zidisha 40 kwa 50, gawa kwa 20: shamba lina panya 100 hivi. Hesabu hii ina majina ya Petersen, Mdenmaki aliyewatia samaki alama mwishoni mwa karne ya 19, na Lincoln, Mmarekani aliyeitumia kwa bata mwaka 1930. Sampuli ikiwa ndogo tumia marekebisho ya Chapman: ongeza moja kwa kila namba kabla ya kuzidisha na kugawa, kisha toa moja mwishoni, hapa utapata karibu 99.

Uzuri wake usikufanye usahau masharti yake. Asizaliwe, asife, asihame yeyote kati ya mara hizo mbili, alama isipotee, na kila panya awe na nafasi sawa ya kukamatwa. Sharti hili la mwisho panya hawalijui. Wapo wanaoonja karanga wakarudi kila usiku, na wapo ambao wakishikwa mara moja hawausogelei mtego tena. Wale wapenda mtego wakifanya wenye alama wa usiku wa pili wawe 30 badala ya 20, hesabu inashuka mpaka 67, ingawa shambani hakuna aliyepungua. Dawa ni kutega siku tatu au zaidi mfululizo, kisha kurudia baada ya mwezi, kwa mpango alioueleza mwanatakwimu Pollock mwaka 1982: ndani ya siku zile chache unachukulia kwamba idadi haibadiliki, na kati ya mwezi na mwezi unaruhusu vifo na vizazi. Kwa kazi ya siku tatu tu, kukata kipande cha manyoya kwa mkasi kunatosha. Kukata ncha za vidole kumetumika katika tafiti nyingi, ila mimi sikupendekezi kama njia nyingine ipo.

Ukipata idadi, bado una swali la eneo. Mitego 100 katika safu 10 kwa 10, ikiachana mita 10, inazunguka mraba wa mita 90 kwa 90, yaani hekta 0.81. Ila mitego ya pembeni inakamata panya wanaoishi nje ya mraba. Ukiongeza kila upande nusu ya umbali kati ya mtego na mtego, yaani mita 5, unapata hekta 1. Ukiongeza mita 15 kila upande kwa sababu panya wako wanatembea umbali huo, unapata hekta 1.44. Panya 100 wale wale wanakuwa 123 kwa hekta, au 100, au 69. Andika ulichotumia na kwa nini, maana msomaji atakayelinganisha namba yako na ya mwenzako lazima alijue hilo.

Upimaji wenyewe unaonekana rahisi mpaka unapokuwa na mnyama mkononi saa moja asubuhi. Vaa glavu. Fungulia mtego ndani ya mfuko wa kitambaa, panya atelemke, kunja mdomo wa mfuko, uninginize kwenye mizani ya springi. Kisha mtoe panya kwa kushika ngozi ya shingoni kutokea nje ya kitambaa, na upime mfuko mtupu hapo hapo, kila mara. Mfuko uliokuwa mkavu alfajiri unalowa umande na mkojo, na gramu mbili au tatu kwa mnyama wa gramu 40 si jambo dogo. Mizani nayo ijaribiwe kila siku: vuta mililita 50 za maji kwa bomba la sindano, mimina kwenye mfuko wa plastiki uliokwisha kuupima, na uone kama sindano ya mizani inasoma gramu 50 zaidi.

Wayo wa nyuma unapimwa kutoka kisiginoni, lakini je, mpaka ncha ya kidole au ya kucha? Utamaduni wa Ulaya huacha kucha, wa Marekani huzihesabu. Chagua, andika juu ya fomu, usibadilishe katikati ya kazi. Mkia uliokatika usiingizwe kama kipimo cha mkia; andika kwamba umekatika. Jike mwenye mimba apimwe kama wengine, ila safu ya hali ya uzazi ijazwe, ili uweze kumtoa unapolinganisha uzito.

Kama mnapima watu wawili, chukueni wanyama kadhaa kila mmoja apime kivyake bila kuona namba ya mwenzake. Tofauti kati yenu ikikaribia ile mnayotafuta kati ya mashamba, acheni kukusanya data na mkubaliane kwanza jinsi ya kushika rula.

Mwaka 1984 mwanaikolojia Stuart Hurlbert alionyesha jinsi wenzake wengi walivyokuwa wakihesabu marudio yasiyo ya kweli, yaani vipimo vya mahali pamoja vikihesabiwa kana kwamba kila kimoja kinajitegemea, na kosa hilo bado nakutana nalo kwenye rasimu ninazosomeshwa. Panya 200 kutoka shamba moja lililopaliliwa na 200 kutoka shamba moja lenye magugu si marudio 200. Palizi ilifanywa kwa shamba, si kwa panya, kwa hiyo una shamba moja kila upande. Afadhali mashamba manane yenye panya 20 kila moja kuliko mawili yaliyomiminiwa mitego. Hili linaamuliwa mezani, kabla ya kuomba kibali cha TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, kwa sababu mitego ikishategwa umechelewa.

Kagua mitego mapema na uifunge kabla jua halijapanda. Kisanduku cha bati juani ni jiko, na mnyama aliyekufa kwa joto ni dhuluma, tena anavunja masharti ya hesabu yako. Huko juu milimani weka pamba ndani usiku. Jilinde na wewe: panya shamba ndiye mbebaji wa virusi vya Lassa kule Afrika Magharibi, na homa ya mgunda iliyotokea Lindi mwaka 2022 ni ugonjwa ambao panya huueneza kwa mkojo.

Utakapochukua kipande cha sikio au damu, namba moja iandikwe kwa penseli kwenye karatasi ndani ya kichupa, nyingine nje ya kichupa, na ya tatu daftarini, zote zifanane. Wino wa peni ukikutana na spiriti inayohifadhi sampuli unafutika. Kila jioni, kabla ya kula, mmoja asome namba za vichupa kwa sauti na mwingine aweke tiki daftarini, kisha kila ukurasa upigwe picha kwa simu na itumwe kwa mtu aliye mjini.