Mume wangu anataka kulipia redio ya gari, na simu anayo

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu ni Wakenya, tunaishi Dallas, Texas. Yeye anaendesha lori kwenye visima vya mafuta huko Midland, wiki mbili kazini, wiki moja nyumbani. Mwaka huu alinunua pikapu, ikaja na redio ya setilaiti, miezi mitatu bure. Bure imeisha, sasa anataka kulipia dola 8 kila mwezi. Mimi nasema simu anayo na stesheni zote za Nairobi zimo. Redio ya kulipia nani aliwahi kuisikia? Hiyo pesa ingemfaa mama yangu. Na tangu aipate amebadilika. Akifika nyumbani anabaki garini nje hata dakika ishirini, gari haliingizi gerejini, na anacheka peke yake. Nikimpigia njiani, na simpigii sana, hapokei. Juzi akiwa Abilene nilipiga mara saba. Nimkataze? – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa kulea watoto wawili peke yako wiki mbili mbili. Mzigo huo naujua. Pole yangu imeishia hapo.

Umeandika "simpigii sana", kisha hata wino haujakauka ukahesabu simu saba. Kutoka Midland mpaka kwenu ni saa tano barabarani, na Abilene ni kabla ya nusu ya njia. Mtu ametoka kuvuta vumbi la visima siku kumi na nne, usukani mkononi, malori mbele na nyuma, na simu inalia mara saba. Hata mimi ningeongeza sauti ya redio.

Sasa hilo la gereji, ambalo naona ndilo linalokukosesha usingizi. Redio hiyo hupokea mawimbi kutoka angani, na antena yake lazima ione mbingu. Ingiza gari chini ya paa, sauti inakatika. Hakuna siri, mama. Wimbo haujaisha na mwanamume hataki ukatwe katikati.

Na kile kicheko chake. Wewe husemi, lakini nimekusoma: unadhani kuna mtu upande wa pili. Basi sikiliza. Setilaiti inamwaga sauti chini, na redio ya gari haina njia ya kurudisha hata kikohozi. Mumeo akimwita mwanamke humo mpaka asubuhi, hataitikiwa. Chombo chenye njia ya kwenda na kurudi ni simu, na simu ndiyo unayotaka aitumie badala ya redio! Unamnyang'anya kisichojibu, unamshikisha kinachojibu. Wivu nao una akili zake.

Unauliza nani aliwahi kuisikia redio ya aina hiyo. Sisi huku tuliisikia zamani. Setilaiti ya AfriStar ilirushwa mwaka 1998 kwa ajili ya Afrika hasa, kazi ya kampuni ya redio ya setilaiti ya WorldSpace ya Noah Samara, mzaliwa wa Ethiopia. Huko Marekani kampuni ya XM ilianza kurusha matangazo mwaka 2001, na mwenzake Sirius mwaka uliofuata. WorldSpace ilifilisika mwaka 2008, na mwaka huohuo zile mbili za Marekani zikaungana kuwa SiriusXM, hiyo anayotaka kuilipia mumeo. Waafrika tuliipata kabla yao, mwanangu. Wenzetu ndio waliokuwa na pesa za kuilipia.

Kwamba simu inatosha, kwako wewe unayezunguka Dallas inatosha kabisa. Usilipie hata senti kwenye gari lako. Yeye njia yake ni nyingine. Mwaka 2019 nilikuwa kwa binti yangu Houston, akanipeleka magharibi kwa gari. Kila baada ya saa moja hivi stesheni ya FM inafifia. Mhubiri alikuwa ndiyo kwanza anasimama mbele ya kaburi la Lazaro, mara mkwaruzo, mara nyimbo za Kihispania. Lazaro wangu hata leo yumo kaburini. Mtandao wa simu nao huko kwenye nyika za mafuta unakuja na kuondoka. Stesheni ya setilaiti anaifungua Midland na anafika nayo mlangoni kwako. Kwa mtu wa safari hiyo, dola 8 si anasa.

Ila kuna mahali uko sawa, na ungeanzia hapo badala ya mama yako. Hiyo dola 8 ni chambo. Bei ya ofa ina mwisho wake, na ikiisha inaweza kupanda mara mbili au tatu. Juu yake kuna kodi na ada ya mrabaha wa muziki, yaani malipo ya wenye nyimbo, ambayo haitajwi kwa sauti ileile ya ofa. Kadi ikishaandikishwa, wanakata wenyewe mwezi kwa mwezi, hata pikapu ikiwa imelala juu ya mawe. Muulize ofa inaisha lini, uiandike tarehe kwenye kalenda ya jikoni, na wiki mbili kabla apige simu aseme anajitoa. Mara nyingi watamshushia bei. Awe na subira tu, maana mwaka 2023 mwanasheria mkuu wa New York aliishtaki kampuni hiyo mahakamani kwa ajili ya wateja waliochoshwa kwenye simu walipotaka kujitoa. Hiyo ndiyo kazi ya mke mwenye hesabu.

Na kwa kuwa tumeingia kwenye hesabu: kipande cha barua yako nilichokikata, nilikikata ili kukusitiri, lakini kukinyamazia siwezi. Kina vifurushi viwili vya filamu na mchango wa chama wa dola 200. Chama sikikatazi, kina faida. Ila mama yako hakukumbukwa hapo, amekumbukwa kwenye dola 8 za mwenzio.

Nyinyi wa siku hizi mna ugonjwa mmoja. Mume akitoka mnataka kujua yuko wapi, kala nini, kanyamaza kwa nini, na zile tiki za ujumbe zimegeuka buluu tangu saa ngapi. Babu yangu alikuwa baharia. Aliondoka Mombasa na upepo wa kusi kwenda Arabuni, akarudi na ule wa kaskazi, miezi katikati, na bibi yangu hakuwa na pa kupiga hata mara moja. Wapo waliorudi na mke wa pili, sitakudanganya. Lakini aliyerudi alipokewa kama mtu aliyerudi. Ukimchunguza sana bata, hutamla.

Wewe je, unampokeaje? Umeniandikia mwenyewe: "Akiingia tu namweleza mambo ya nyumba." Mambo gani? Mashine ya kufulia inavuja, mwalimu amepiga, bili ya maji imepanda. Yote hayo viatu havijavuliwa. Wale wa redioni wanampigia nyimbo za kantri, na mtoto wa Nakuru aliyekua akimsikia Jim Reeves sebuleni kwa baba yake anajiona yuko kwao kidogo. Dakika ishirini, mama. Barua yako ina mistari thelathini na mmoja, na hakuna hata mmoja unaosema kwamba umefurahi amefika.

Basi usimkataze. Mwambie alipe muda wa ofa tu, kalenda utaishika wewe. Simu, mpigie moja kabla hajatoka Midland, umwombee njia njema, uiweke chini.

Na zamu ijayo, ukiona taa za pikapu zinageuka kuingia kwenu, mwachie mkubwa amshike mdogo. Mimina chai vikombe viwili, utoke nje, ufungue mlango wa abiria na ukae. Usiulize kitu mpaka wimbo uishe. Mashine ya kufulia haikimbii, itakuwa palepale inavuja.