Siku mbili Liverpool zinatosha, ila anzeni Mathew Street mchana

Dada, umeuliza kama wikendi moja inatosha Liverpool, wewe na mzee wako mkitokea London, na muziki ndio kiu yenu. Inatosha kabisa. Pandeni treni Euston Ijumaa jioni. Ni safari ya saa mbili na ushee mpaka stesheni ya Lime Street, Liverpool, na kutoka hapo katikati ya mji ni kwa miguu tu.

Jumamosi nendeni Cavern Club, ule ukumbi wa chini ya ardhi walikopigia Beatles walipokuwa wanaanza, Mathew Street, mchana, kabla watu hawajafurika. Unashuka ngazi, joto linakupokea, halafu gitaa, halafu unaona matao ya matofali yaliyoinama juu ya jukwaa dogo. Ukumbi wa awali ulifungwa mwaka 1973, huu ukajengwa upya 1984 kwa kutumia matofali mengi ya ule wa zamani. Mimi niliyagusa kwa kiganja, nikasisimka.

Nyumba walizokulia John Lennon na Paul McCartney wa Beatles kateni tiketi mapema, maana wageni huingizwa wachache wachache. Ile ya Paul, Forthlin Road, ni ya kawaida mno, sebule ndogo, na humo ndimo wawili hao walimotungia nyimbo zao nyingi za mwanzo. Msiikose hata kidogo.

Jumapili tembeeni Hope Street: kanisa kuu la Kianglikana upande mmoja, la Kikatoliki upande wa pili, na ukumbi wa Philharmonic katikati. Kisha kivuko cha Mersey. Bebeni makoti, upepo wa mto ule hauna huruma.