Kabla ya Kushika Moto, Shika Futi

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, karakana yetu hapa Buguruni, Dar es Salaam, hupata wageni. Mzazi anakuja na kijana wake: "Fundi, huyu anapenda sana kuchomelea, naomba umshike mkono." Wakati huo kijana mwenyewe macho yako kwenye cheche. Namwelewa, hata mimi cheche ndizo zilizonivuta. Lakini kabla ya kumwonyesha mashine nampa futi, namwambia anipimie upana wa mlango na aniambie jibu kwa milimita.

Ufundi chuma kwa sehemu kubwa ni kupima, kuchora, kukata na kupanga. Kuchomelea kunakuja baadaye. Nimeona vijana wenye mkono mzuri kabisa, mshono wao umelala vizuri, lakini miaka inapita bado ni vibarua wa kulipwa kwa siku kwa sababu hawawezi kuanza kazi bila mtu wa kuwakatia vipimo. Kwa hiyo unapotafuta mahali pa kujifunzia, hilo lishike kuliko yote.

Chukua mlango mmoja wa geti, urefu mita 2.4, upana mita 1.8, wa skwea paipu, yaani paipu ya mraba, ya milimita 40. Dukani paipu huja na urefu wa mita 6 hivi, nyingine 5.8, kwa hiyo ipime kabla hujalipa. Asiyepiga hesabu ataagiza paipu tatu za fremu. Anayepiga hesabu anaona kwamba paipu ya kwanza inatoa nguzo mbili za mita 2.4, na ya pili inatoa ya juu na ya chini za mita 1.8 kila moja, pamoja na ya katikati. Ile ya katikati haikatwi 1.8. Inaingia kati ya nguzo mbili, kwa hiyo unatoa milimita 80, unabaki na 1.72. Jumla ni mita 5.32, na kila mkato diski ya kukatia inakula kama milimita 3. Paipu mbili zinatosha hata kama zote ni za 5.8. Bei ya ile ya tatu ingeondoka kwenye faida yako, au ingempandishia mteja bei akaenda kwa jirani.

Ukishakata pembe za nyuzi 45, laza vipande mahali palipo sawa, shikiza kona nne kwa taki ndogo tu, yaani tone la kuchomelea la kushikilia kwa muda, halafu pima mshazari kutoka kona hadi kona. Kwa geti hili mshazari ni mita 3 kamili, pande zote mbili. Ukipata mita 3 na milimita 5 upande huu, na pungufu upande ule, geti limelala, yaani kona zake si za mraba. Ligonge taratibu kwenye kona ya mshazari mrefu mpaka vipimo vilingane. Taki bado inakubali. Ukishajaza mshono mzima haikubali tena, utarudi kwenye grinda. Hata unapojaza, usimalize upande mmoja wote ndipo uhamie mwingine. Mshono ukipoa hujikunyata na kuvuta chuma, kwa hiyo choma kona hii, ruka hadi iliyo mkabala nayo, kisha rudi.

Sasa, ujifunzie wapi? Mtaani au chuoni? Mimi nilianza mtaani, kisha nikaingia chuo nikiwa tayari nafanya kazi, na naamini mtu anahitaji vyote viwili. Mtaani, iwe mtaa wa Gerezani hapa Dar es Salaam au karakana yoyote yenye wateja, unajifunza mwendo wa kazi, bei za vyuma, namna ya kuzungumza na mteja anayetaka geti la milioni kwa laki tatu. Hakuna darasa linalofundisha hayo vizuri hivyo. Lakini mtaani mara chache utaonyeshwa mchoro wa kiufundi, na fundi mkuu akiulizwa kwa nini tunafanya hivi, jibu mara nyingi ni "ndivyo tunavyofanya". Chuoni ndiko nilikojifunza kusoma mchoro wenye sura tatu za kitu kimoja na kuona kitu chenyewe kichwani kabla hakijakatwa. Toka hapo nilianza kupewa kazi za viwandani, kwa sababu kiwanda hakikuelezi kwa mikono, kinakupa karatasi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, inafundisha fani hii kwa ngazi tatu, na vyuo vyake viko karibu kila mkoa. Kuna pia vyuo vya mashirika ya dini na vya watu binafsi, vizuri na vibovu. Kabla ya kulipa ada, nenda siku ya kazi. Uliza wanafunzi wangapi wanatumia mashine moja, na kila mmoja anapewa rodi, yaani vijiti vya kuchomelea, kiasi gani kwa wiki. Halafu zunguka nyuma ya karakana uangalie lundo la vyuma vya mazoezi. Chuo kinachofundisha kwa vitendo kina lundo kubwa la vipande vilivyochomwa, vikakatwa katikati, vikachomwa tena. Ukikuta nyuma pasafi na darasani ubao umejaa maandishi, endelea kutafuta.

Na wewe ambaye umeshafanya kazi mtaani miaka mingi bila cheti, usidhani lazima ukaanze mwanzo na watoto. Ipo njia ya urasimishaji ujuzi: VETA wanakupima ulichonacho, wanakuongezea unachopungukiwa, unapata cheti. Kwa ndugu zetu wa Kenya upo mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, kuanzia Gredi ya 3 kupanda hadi ya 1, na mafundi wengi wa jua kali wameupitia. Nenda kaulize. Cheti hicho kinafungua milango ya zabuni na ajira ambayo mkono peke yake haufungui.

Afya nitaizungumzia kwa nguvu, kwa sababu inaniuma. Karakana nyingi bado kijana anachomelea kwa miwani ya jua, na msaidizi anayeshika paipu hana hata hiyo, anageuza tu uso. Mwanga wa kuchomelea una miale inayounguza jicho bila wewe kuhisi papo hapo. Maumivu yanakuja saa kadhaa baadaye, usiku, kama una mchanga chini ya kope. Vipande vya viazi na matone ya maziwa ambavyo watu huweka machoni si dawa, nenda hospitali. Kinga ni kofia yenye kioo cheusi cha namba 10 au 11, na msaidizi naye awe na yake. Kama karakana haina, nunua yako kabla ya kitu kingine chochote.

La pili ni bati na paipu za mabati, zile zenye zinki. Ukizichoma unatoka moshi mweupe, na jioni mwili unatetemeka, homa inapanda, mdomoni ladha ya chuma. Wengi hukimbilia dawa za malaria. Ukienda kupima mwambie daktari kwamba mchana ulichoma mabati. Mtaani tunaambiana tunywe maziwa. Kunywa kama unayapenda, ila hayazuii moshi kuingia kwenye mapafu. Kinachosaidia ni kusaga ile zinki pembeni mwa mshono kabla ya kuchoma, ukiwa umeziba pua na mdomo kwa barakoa ya vumbi, kisha kufanya kazi nje na kusimama upepo ukipeleka moshi mbali na uso wako. Na pipa au tenki lililowahi kubeba mafuta, hata likiwa tupu na limekaa mwaka, usiliguse kwa moto mpaka lisafishwe na mtu anayejua. Mvuke uliobaki ndani unalipuka.

Watu huniuliza pia kuhusu kazi kubwa, hasa tangu habari za bomba la mafuta la kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Kazi za mabomba zina mtihani wake, na cheti cha chuo hakichukui nafasi ya mtihani huo. Unapewa vipande viwili vya bomba, unaviunga mbele ya msimamizi, kisha mshono unapigwa picha ya eksirei au unakatwa vipande vinavyokunjwa kuona kama utapasuka. Mkao mgumu wanaouita 6G unaweka bomba limeinama nyuzi 45 na haliruhusiwi kuzungushwa, wewe ndiye unayelizunguka. Kwa viwango vingi, ukiacha aina hiyo ya kuchomelea kwa zaidi ya miezi sita, sifa yako inakwisha na unapimwa upya.

Anayelenga huko aanze kuzoea rodi za namba 7018 mapema. Za magrili, 6013, tunazijua wote: 60 ni nguvu ya mshono, pauni 60,000 kwa inchi ya mraba, na 1 inamaanisha inachoma mikao yote. 7018 ina nguvu zaidi lakini haitaki unyevu hata kidogo, na hewa yetu ya Pwani ina unyevu mwaka mzima. Mshono wake ukipata unyevu unaweza kupasuka ndani kwa ndani, nje ukaonekana mzuri. Kwenye miradi huwekwa kwenye oveni maalumu. Rodi zilizokaa wazi dukani mwezi mzima zitumie kwa mazoezi tu.

Kuhusu vifaa, wazazi hupenda kumnunulia kijana mashine kwanza. Anza na futi nzuri ya chuma, skwea ya kupimia pembe, chaki ya kuwekea alama, kofia, glavu za ngozi na viatu vigumu. Halafu grinda, na kile kikinga diski kisiondolewe. Mashine iwe ya mwisho, akishajua kazi anazopata ni za aina gani. Kwa magrili na mageti, inveta, yaani mashine ndogo ya kuchomelea ya kielektroniki, ya ampea 200 inatosha, ila nyingi zimeandikwa 200 kwenye karatasi tu. Nenda dukani na rodi yako ya milimita 3.2, omba uichome mfululizo mpaka iishe, kisha ya pili na ya tatu bila kupumzika. Mashine ikizima au moto ukidhoofika, iache. Muuzaji akikataa kukuwashia, nenda duka la pili.