Mkuu, usilipie hicho chumba cha ng'ambo ya Rhine!

Simama hapohapo, mkuu. Kama bado hujakilipia hicho chumba cha Bacharach, kule Ujerumani, ukingo wa kushoto wa mto Rhine, usikilipie. Nimesoma mpango wako nikajiona mimi mtupu, hadi saa ya kufika.

Unasema asubuhi mnatoka Rüdesheim na baiskeli, wewe na shemeji, mnateremka na mto kwa ukingo wa kulia, mwendo wa kobe, picha kila kona. Jioni mnafika Kaub, mnaitazama Pfalzgrafenstein, ile ngome iliyo katikati ya mto, jua likizama, halafu "tunavuka tu" kwenda kulala Bacharach maana kwenye ramani ni kilomita kama tatu. Hiyo "tunavuka tu" ndiyo iliyonitoa roho.

Mnavuka na nini? Ukishaliacha eneo la Mainz na Wiesbaden, hukuti daraja hata moja mpaka unakaribia Koblenz. Hata moja! Nchi iliyojaa barabara za kasi, na hapo katikati mto unavukwa kwa pantoni. Daraja la karibu na St. Goar linajadiliwa miongo na miongo, watu wanazeeka linajadiliwa. Na ile programu ya ramani inakudanganya kwa adabu kabisa: inachora vitone juu ya maji kama barabara, wewe unaona njia ipo, roho inatulia.

Mimi nimekulia Kigamboni, pantoni si kitu cha kunitisha. Ukilikosa hili unanunua karanga unasubiri lijalo. Kwa akili hiyohiyo nikafika Kaub jioni na mama watoto, jua bado liko juu (kiangazi kule jua halina haraka ya kuzama), nikakuta gati tupu na kibao cha saa. Limeshafunga. Hakuna lijalo. Ng'ambo ya mto, juu kidogo kwa upande wa mkondo unakotoka, ndiko chumba changu kilipo, kimelipwa na hakirudishwi hata senti.

Kuna boti ndogo pale Kaub, nikaikimbilia kabla sijaliona lile gati. Hiyo inakupeleka kwenye ngome iliyo katikati ya maji na kukurudisha Kaub kulekule. Haivuki. Nawaambia mapema msije mkaipigia mbio na mizigo kama mimi, watalii wakapata burudani ya bure.

Sasa hesabu niliyopiga ya kwenda kulala ng'ambo ya pili: panda treni ya ukingo wa kulia mpaka Koblenz, kilomita kama 45, vuka huko, panda treni nyingine ya ukingo wa kushoto urudi kilomita nyingine kama hizo. Karibu kilomita 90 ili ulale mahali ambapo ungekuwa na mkono mrefu ungepagusa. Tukafika Koblenz usiku, nikampigia mwenye nyumba, akaniambia kwa upole kabisa kwamba funguo hutolewa mpaka saa fulani na saa hiyo imeshapita. Simlaumu, iliandikwa. Tukalala Koblenz, chumba cha dakika za mwisho, bei ya dakika za mwisho. Vyumba viwili nimelipa, nimelala kimoja. Mama watoto tangu Kaub hakuwa amesema neno. Alipolisema nikatamani angeendelea kunyamaza.

Lakini pesa siyo iliyoniuma zaidi. Kile kipande chote kizuri nilikipita ndani ya treni, gizani, naangalia uso wangu kwenye kioo. Ngome ya Katz juu ya St. Goarshausen, sikuiona. Maus, sikuiona. Zile mbili za Sterrenberg na Liebenstein wanazoziita ndugu mahasimu, sikuziona. Marksburg kule Braubach, ngome pekee ya kilimani katika bonde hilo ambayo haikuwahi kubomolewa, nimepita miguuni pake kama mzigo wa posta. Na Loreley, ule mwamba wa mita 132 ambao watu wanavuka bahari kuja kuutazama? Nimeupita tumboni. Reli ya ukingo huo inapenya ndani yake kwa handaki.

Aliyeniponza ni jamaa mmoja wa video, anajiita mtaalamu wa safari za taratibu. Alisema kwa kinywa kipana, "pande zote mbili zimeungana, unavuka unapotaka." Baadaye nikamwandikia kumuuliza yeye alivuka wapi. Kumbe bonde zima alilipita kwa meli ya watalii, glasi ya mvinyo wa Riesling mkononi! Baiskeli ile kwenye picha aliiegemea tu gatini. Video ipo mpaka leo, watu wanamshukuru chini yake.

Kwa hiyo kanuni ni hii, mkuu: mto uvukwe kabla ya chakula cha mchana, na ulale upande uleule ulioufikia. Ukitaka Kaub, anza nayo asubuhi. Mapantoni yapo Rüdesheim kwenda Bingen, Lorch kwenda Niederheimbach, hapo Kaub, St. Goarshausen kwenda St. Goar, na Filsen kwenda Boppard, na kila moja lina saa zake, Jumapili tofauti, msimu tofauti, mto ukifurika linasimama. Soma saa za pantoni lenyewe, usisome maoni ya watu. Hata haya yangu.

Tena kwa nini mng'ang'anie ukingo wa kulia? Huko sehemu nyingine njia ya baiskeli inabanwa kati ya magari na reli, utapiga picha za malori. Vukeni kwenda Bingen asubuhi ileile, mwendeshe kwa ukingo wa kushoto, tambarare, maji pembeni yenu. Ngome huonekana vizuri ukiwa ng'ambo yake. Ukiwa chini yake unaona mawe na miti. Ile Pfalzgrafenstein, ambayo mnara wake Mfalme Ludwig IV wa Ujerumani, yule Mbavaria, aliujenga 1326 na 1327 kukamua ushuru kwa vyombo vya mtoni, ukiwa upande huu unaipata yote, na ngome ya Gutenfels juu ya Kaub nyuma yake. Wenzetu walikuwa na TRA katikati ya maji. Kwa kupanda, pandeni Rheinfels pale St. Goar, magofu makubwa, imeanza 1245, Wafaransa wakailipua mwishoni mwa karne ya 18. Hiyo moja inatosha miguu ya shemeji.

Uliuliza pia kuhusu baiskeli za umeme, bei ya chakula na sijui nini kingine, wadau watakujibu, mimi nimeshika kalamu kwa ajili ya pantoni tu. Hicho chumba kinarudishwa pesa au la? Kama kinarudishwa kifute leo. Kama hakirudishwi, kiache hapohapo Bacharach na ubadilishe njia: Bingen asubuhi, ukingo wa kushoto, mnafika mlangoni bila kuligusa boti lolote la jioni. Leta tarehe hapa tukuangalizie saa za pantoni la Bingen.