Kuna nini huko Uskoti? Jibu kwa mliobaki nyumbani

Swali mnalolirudia ni hili: huko Uskoti kwenye baridi na mvua, mtu anapenda nini mpaka siku yake ya mapumziko aimalizie kwenye magofu na makaburi ya watu asiowajua? Na mgeni akija kutembea, aanzie wapi? Nitayajibu yote mawili, na nitaanza na dirisha la kanisa. Ngome ya Edinburgh mtaipata wenyewe, kila basi la watalii linafika.

Kanisa lenyewe linaitwa Croick, kaskazini, bondeni, kilomita 16 kutoka stesheni ya Ardgay. Mwaka 1845 wakulima wa bonde la jirani la Glencalvie walifukuzwa kwenye ardhi waliyoilima vizazi na vizazi, ili mahali pao waje kondoo. Watu takriban 80 walijisitiri kwenye uwanja wa kanisa, katikati ya makaburi, chini ya turubai, blanketi na shuka za sufu. Wakachukua kitu chenye ncha wakakwaruza maneno kwenye vioo vya dirisha la mashariki. Ukienda utayaona mpaka leo. Vioo ni vipande vidogo vya umbo la msambamba, na maandishi ni membamba kama unywele. Simama nje, usogeze uso karibu, na ukiweza nenda mchana wenye mawingu kwa sababu jua likiwaka kioo kinang'aa na husomi kitu. Mmoja ameandika kwamba watu wa Glencalvie walikuwa hapa uwanjani tarehe 24 Mei 1845. Mwingine amewaita wenzake kizazi kiovu, kana kwamba kufukuzwa kwao ni adhabu ya Mungu. Hawa walikuwa wasemaji wa Kigaeli, lugha ya asili ya kaskazini huku, lakini waliandika kwa Kiingereza. Mtu aliyenyang'anywa shamba, akajilaumu mwenyewe, tena kwa lugha ya wenye nguvu: hapo ndipo mapenzi yangu kwa nchi hii yanapoanzia, kwa sababu Waskoti hawakulifuta dirisha lile.

Kufika huko kunataka mpango. Treni ya kutoka Inverness, mji mkubwa wa kaskazini, hadi Ardgay huchukua karibu saa moja na nusu, na ni chache kwa siku. Ukikosa ya kurudi umekwama. Kutoka Ardgay hakuna basi la kwenda Croick, kwa hiyo ni gari au baiskeli. Barabara ni nyembamba, inapita gari moja tu, na kila baada ya umbali fulani kuna sehemu ya kupishania. Sehemu hiyo ikiwa kushoto kwako, ingia usubiri. Ikiwa kulia, simama kwenye upande wako mkabala nayo ili mwenzako ndiye aingie. Usivuke kwenda kulia. Usiegeshe hapo ukaenda kupiga picha, maana umeziba njia ya kijiji kizima. Ukiona gari la nyuma lina haraka, litumie eneo hilo hilo kulipisha. Jaza mafuta mjini, na pakua ramani kwenye simu mapema kwa sababu mtandao hupotea. Leseni ya Kenya au Tanzania inakuruhusu kuendesha miezi 12 tangu uanze kuishi huku. Baada ya hapo lazima ufanye mtihani wao, na wengi huchelewa wakijidhani bado wako salama. Mgeni wa matembezi hana tatizo hilo, na kwa bahati nzuri huku pia tunaendesha kushoto. Kiwango cha pombe kwa dereva ni kikali kuliko cha England, hivyo jibu rahisi ni kutokunywa kabisa.

Kabla ya Croick, pitia Culloden, kilomita chache mashariki ya Inverness. Jengo la maonyesho linalipiwa, ila uwanja wa vita ni bure. Tarehe 16 Aprili 1746 jeshi la Charles Edward Stuart, mwanamfalme aliyetaka kurudisha kiti cha enzi cha Uingereza kwa ukoo wake, lilivunjwa hapa kwa muda usiofika saa moja, na zaidi ya watu 1,000 wa upande wake wakafa. Bendera za buluu zinaonyesha walipopanga mstari, nyekundu ni za jeshi la serikali. Tembea kutoka buluu kwenda nyekundu kwa miguu yako na utaelewa kwa nini walishindwa: ardhi ni tepetepe, buti linazama. Na wao walikuwa wametembea usiku kucha kwenda kuvamia kambi ya adui, wakakawia, wakarudi na njaa. Asubuhi upepo na mvua viliwapiga usoni. Msidanganywe kwamba ni Waskoti dhidi ya Waingereza. Upande wa serikali ulikuwa na Waskoti pia. Mawe ya makaburi yenye majina ya koo yaliwekwa mwaka 1881. Ni makaburi ya kweli, kwa hiyo hapakanyagwi na hapaliwi chakula.

Hali ya hewa ndiyo inayoharibu safari nyingi. Mwavuli acheni, upepo utaupindua. Chukua koti lisilopenya maji lenye kofia, sufu ndani, na viatu vya kupanda mlima. Suruali ya jinzi ikilowa haikauki na inakunyonya joto. Desemba, Inverness, jua linachomoza saa tatu kasoro asubuhi na saa tisa na nusu alasiri limezama. Wenye kuja huku kuishi mlijue hilo kabla ya jingine lolote, giza linaumiza kuliko baridi. Juni linazama saa nne na ushei usiku. Mwezi mzuri kwa maoni yangu ni Mei: siku ni ndefu, na usubi haujashamiri. Usubi wa huku ni mdogo kama chembe ya pilipili manga, unakuja kwa maelfu alfajiri na jioni pasipo upepo. Upepo ukivuma kidogo tu usubi hauwezi kuruka, kwa hiyo chagua mahali pa wazi pa kupumzikia na si kichakani. Kwenye nyasi ndefu kuna kupe. Ukimkuta, mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumminya. Madoa mekundu yakitanuka baadaye, muone daktari.

Kuhusu gharama: viza ni ile ile ya Uingereza nzima. Makumbusho ya taifa ya Edinburgh na ya Kelvingrove pale Glasgow ni bure. Ngome ya Edinburgh nunua tiketi mtandaoni mapema, hasa Agosti. Magofu mengi madogo hufungwa majira ya baridi, angalia kwanza. Mnaohamia na watoto: mkazi wa chini ya miaka 22 hupanda basi bure akishapata kadi yake.

Na msiondoke bila kwenda Blantyre, karibu na Glasgow, nusu saa hivi kwa treni. Hapo ndipo alipozaliwa David Livingstone mwaka 1813, familia nzima kwenye chumba kimoja. Akiwa na miaka 10 aliingia kiwandani kusokota pamba, na pamba ile ililimwa na watumwa. Makumbusho yanalisema hilo waziwazi, na Susi na Chuma wamepewa nafasi yao, wale waliobeba mwili wake pamoja na wenzao kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo, Februari 1874. Sir John Kirk, balozi aliyembana Sultani Barghash mpaka soko la watumwa la Unguja likafungwa mwaka 1873, alikuwa Mskoti. William Mackinnon, ambaye kampuni yake ilipewa hati ya kutawala Afrika Mashariki mwaka 1888, naye Mskoti, wa Campbeltown. Thogoto kule Kikuyu ni neno "Scot", yaani Mskoti, lililotamkwa na Wakikuyu. Ukitoka Blantyre shuka stesheni ya Glasgow Central, utembee mpaka Jamaica Street, mtaa wenye jina la kisiwa cha mashamba ya watumwa, uko pembeni tu ya stesheni. Soma kibao cha jina la mtaa, kisha inua macho uyatazame majengo.

Noti zenu zilizochapishwa na benki za Uskoti zibadilisheni huku huku kabla ya kupanda ndege, ziwe za Benki Kuu ya England. Nje ya Uingereza kuna maduka ya fedha yanayozikataa.