Kabla ya kumeza antibiotiki kwa ajili ya nyonga ya chuma

Mwaka wa saba tangu niwekewe nyonga bandia, kinena cha kulia kilianza kuniuma. Mwanzoni ni wakati wa kupanda ngazi tu, baadaye hata nikiwa nimelala. Paja likavimba. Daktari wa kwanza aliniandikia antibiotiki bila kuvuta maji ya kiungo kwa sindano, nami nikazimeza siku kumi. Laiti ningejua!

Nyonga yangu ilikuwa ya chuma kwa chuma: kichwa na kikombe chake, vyote mchanganyiko wa kobalti na kromiamu. Ukitembea vinasagana na kutoa vumbi laini mno, chembe nyingi zikiwa ndogo kuliko bakteria. Seli za kinga, zile zinazokula takataka mwilini, huzimeza. Lakini chuma hakiyeyushwi kama kijidudu. Kobalti huiua seli, chembe zinamwagika, seli nyingine inazimeza, nayo inakufa. Kwa baadhi yetu limfosaiti, aina nyingine ya seli za kinga, nazo hujazana hapo, nyama inaoza, na uvimbe wa majimaji unatokea. Majimaji hayo huweza kufanana kabisa na usaha hata kama hayana bakteria.

Wala usifarijike haraka kwamba basi ni chuma tu. Nyama iliyokufa haifikiwi vizuri na damu, kwa hiyo seli za kinga na dawa hazifiki ipasavyo. Bakteria wakipata nafasi hujijengea utando juu ya chuma, na kuwang'oa ni kazi ngumu. Kusagika na maambukizi vinaweza kuwa pamoja kwenye nyonga moja.

Ndiyo maana nasisitiza: sindano ya kuvuta maji kwanza, dawa baadaye. Ukitanguliza antibiotiki, maabara ikijaribu kuotesha bakteria kutoka kwenye maji hayo inaweza isipate kitu ilhali wadudu wapo. Mimi nilisimamishwa dawa wiki mbili ndipo maji yakavutwa. (Ila ukiwa na homa kali na kutetemeka, nenda hospitali siku hiyohiyo, hiyo ni dharura.) Omba pia seli nyeupe za kwenye maji hayo zihesabiwe kwa jicho kwenye hadubini, maana mashine huweza kuhesabu vumbi la chuma kama seli.

Pima kobalti na kromiamu kwenye damu. Uingereza ilitumia mikrogramu 7 kwa lita kama kiwango cha kuanza kuchunguza kwa makini, lakini usikitegemee peke yake: wapo walio chini ya hapo na nyama imeshaharibika. Hata mwenye kikombe cha plastiki asijione salama kabisa, kwani chuma huweza kuliwa na kutu pale kichwa kinapopachikwa kwenye shingo yake.

Nilipofanyiwa upasuaji wa marudio, nyama ilikutwa nyeusi kama masizi. Vipande vitano vilipelekwa maabara na kuoteshwa siku 14. Hakikuota kitu. Sasa natembelea kichwa cha seramiki ndani ya plastiki, na kobalti kwenye damu inashuka kila ninapopima.