Re: Injini ya mvuke isiyo na valvu, matundu yanakaa wapi?

Mkuu umeuliza matundu utoboe wapi na yawe makubwa kiasi gani, hapo ndo penyewe kabisa, maana silinda yenyewe inabembea kwenye pini, imeegemea bamba lililosimama lenye matundu mawili, la mvuke na la kutolea, na hiyo kubembea ndo inafanya kazi ya valvu, ikilala huku tundu lake linakutana na la mvuke, ikilala kule linakutana na la kutolea.

Chukua umbali wa pini ya krenki (ule mkono unaozungusha shafti, pistoni inashika kwenye pini yake) toka katikati ya shafti, gawa kwa umbali wa shafti hadi pini ya kubembea. Mfano milimita 8 kwa 40 unapata 0.2, sasa kama tundu la silinda liko milimita 12 toka pini ya kubembea, 12 × 0.2 = 2.4, kwahiyo matundu mawili ya kwenye bamba yakae milimita 2.4 kila upande wa mstari wa katikati, ule unaotoka shafti hadi pini ya kubembea. Yote matatu toboa kwa kipenyo cha milimita 2, usizidishe 2.4, ukizidisha pistoni ikifika mwisho mvuke unapita moja kwa moja kwenda nje na nguvu inapotea.

Nyuso zinazosuguana, ya silinda na ya bamba, zisawazishe kwa msasa laini juu ya kioo. Springi inayobana silinda kwenye bamba usiikaze sana, presha ikizidi silinda inanyanyuka kidogo inajipumua. Na weka flaiwili nzito, lile gurudumu la kwenye shafti linaloendeleza mzunguko.